Eksteno ya zamani ilivyonipotezea madeni ya wiki 3

Leo naongea na nyie mnaoweka hesabu kwenye kompyuta, halafu mkifunga duka mnaondoka na eksteno kwenye mkoba.

Nauza vifaa vya umeme, na mafundi wengi wanachukua mali kwa mkopo. Madeni yao nilikuwa naandika kwenye Excel. Jioni moja nikalihamishia faili kwenye eksteno yangu ya siku nyingi. Sikukopi, nililihamisha lote, maana sikutaka libaki dukani. Kile kidirisha cha kuhamisha kilipotoweka tu, nikachomoa waya, nikawahi daladala. Asubuhi jina la faili lipo, lakini halifunguki. Ikabidi nimpigie fundi mmoja mmoja: "Ndugu yangu, hivi nakudai shilingi ngapi?" Wengine walisema ukweli. Wengine mnawajua.

Kumbe kompyuta inaweza kukuonyesha imemaliza wakati bado. Data inakaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ndiyo inaitwa kashe, halafu inaandikwa kwenye diski baadaye kidogo. Kazi inaenda haraka, ila ukichomoa kabla, kilichokuwa njiani kimepotea. Ni kama kijana uliyemtuma benki anakwambia "tayari bosi" na bado yuko kwenye foleni.

Angalia yako hivi. Chomeka diski, bofya kulia alama ya Windows, fungua "Device Manager", kisha "Disk drives". Bofya mara mbili jina la diski yako, nenda "Policies". "Better performance" inatumia kashe, "Quick removal" inaizima. Chagua "Quick removal". Windows 10 kuanzia toleo la 1809 la mwaka 2018 inakuja hivyo yenyewe. Yangu ilikuwa ya nyuma ya hapo.

Sasa hapa ndipo diski za zamani zinasumbua. Nilibadilisha vizuri, kesho yake nikachomeka tundu jingine la USB, mpangilio ukarudi kama mwanzo! Kompyuta iliiona kama diski ngeni. Tangu hapo natumia tundu moja, nimelibandikia stika. Nyingine zinagoma kabisa, zinaleta ujumbe kwamba kifaa hakikubali mabadiliko. Ikiwa hivyo, usihangaike nayo. Kila ukitaka kuchomoa, bofya kile kialama cha USB pale chini karibu na saa, uchague kuitoa, usubiri uambiwe ni salama.

Kile kitiki cha kuzima "write-cache buffer flushing" msikiguse, hasa kama mtaani kwenu umeme unakatika ovyo.

Siku hizi nakopi, nachomoa kwa utaratibu, nachomeka tena na kulifungua faili nione linasoma. Ndipo nafuta la dukani. Dakika 2 tu, daladala haziishi.

Wiki iliyopita fundi mmoja kaleta elfu 45 mwenyewe. Nilikuwa nimeshamsahau kabisa.