Siku Moja Kabla ya Lori Kuondoka Kisii

Sisi watu wa Pwani tumezoea kuwahesabu ndugu zetu wa bara kuwa ndio wanaopelekewa. Kila Ramadhani na kila Idi ya kuchinja, mizigo ya futari na nyama hutoka mijini mwetu kwenda kwa Waislamu wachache waishio mbali, nasi hurudi tukisimulia jinsi tulivyopokewa. Mwishoni mwa Novemba 2023 tulikuwa wageni Kisii siku ambayo mzigo ulikuwa ukitoka huko. Tunapenda kuwasimulia wasomaji siku hiyo moja, ya mwisho kabla ya safari, kwa kuwa tulifundishwa ndani yake jambo tulilodhani kuwa sisi ndio tunaolifundisha.

Sababu ya safari inajulikana. Ukame mkali ulikuwa umewaandama watu wa kaskazini mashariki na wa bonde la Mto Tana tangu mwisho wa mwaka 2020, msimu mmoja wa mvua ukikosekana baada ya mwingine. Kabla hawajainuka, zikaja mvua za El Niño za Oktoba 2023. Mto ulifurika, nyumba na mashamba vikazama, na barabara kuu ya Garissa ikakatwa na maji karibu na Madogo. Waislamu wa Kisii na Nyamira waliona picha hizo katika simu zao kama watu wote. Maji ya milima yao hayaingii Tana. Huteremka kwa mito ya Gucha na Sondu hadi Ziwa Viktoria. Wengi wao hawana jamaa huko wala hawajawahi kufika. Hata hivyo walikubaliana kukusanya walichonacho na kukisafirisha karibu kilomita 700, wapite Keroka, Sotik, Bomet na Narok hadi Nairobi, kisha Thika na Mwingi, hadi pale maji yatakapowazuia.

Safari ilipangwa kuanza Jumamosi baada ya sala ya Alfajiri. Kwa hiyo Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kupakia, na ilikuwa fupi kwa sababu mbili. Adhuhuri ilikuwa na sala yetu ya Ijumaa. Na wapakiaji, ambao wengi walikuwa majirani Wasabato, walikuwa wakiingia katika siku yao ya mapumziko jua litakapotua. Watu wa dini mbili walikuwa wakilitazama jua moja, kila mmoja kwa hesabu yake, na hakuna aliyemwona mwenzake kuwa mzito.

Asubuhi akina mama walikaa ukumbini pembeni ya msikiti wakichambua nguo. Walizigawa mafungu mawili: zinazofaa na zisizofaa. Mama mmoja mtu mzima, muuza ndizi katika soko la Daraja Mbili, alikuwa na kipimo chake. Kila vazi aliliinua akauliza, "Hili binti yako ungempelekea?" Wakinyamaza, alilitupa katika fungu la vitambaa vya kupangusia. Hatukuwa na la kuongeza. Katika Suratul Baqara, aya ya 267, Mwenyezi Mungu ametukataza kukusudia kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Mama huyo aliifasiri aya kwa mikono yake. Ndizi zake hakuzileta, kwa kuwa zingeoza njiani. Aliziuza, akanunua maharagwe. Kutoka Nyamira yalikuja majani ya chai, na kutoka kila upande unga wa wimbi, uji wa watoto.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Ijumaa ya wiki iliyotangulia tulikuwa tumepewa nafasi ya kuhutubu, tukahimiza sadaka kwa maneno makali kiasi. Baada ya sala kijana mmoja, fundi wa pikipiki, alisimama akatoa shilingi 4,000 mbele ya watu na kujiandikisha miongoni mwa watakaofuatana na lori. Tulimshika mkono, tukamsifu hadharani, tukamfanya mfano kwa wenzake.

Ijumaa hii, mara baada ya sala, mkewe alitujia akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Alisimama mbali kidogo, akasalimu, akasema kwa sauti ya chini, "Sheikh, nina swali. Zile pesa zilikuwa kodi ya nyumba. Je, mimi nina thawabu katika sadaka hiyo, au nina deni tu?"

Tulinyamaza. Swali lilikuwa na jibu, na jibu lake tulilisoma tungali vijana chuoni. Imam Nawawi, katika kitabu chake cha Minhaj, amelisahihisha kauli kwamba ni haramu mtu kutoa sadaka kile anachokihitaji kwa matumizi ya wale wanaomlazimu. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa inamtosha mtu kuwa na dhambi kuwapuuza wale anaowalisha. Haya yote tuliyajua tulipokuwa juu ya mimbari. Tulitaja fadhila za kutoa, tukasahau kutaja mpaka wake.

Tulimwita mumewe na wazee wawili. Kijana aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeguswa na maneno yetu. Pesa zilikuwa bado hazijatumika. Wazee walikubaliana zirudishwe siku ile ile, na katika daftari ikaandikwa wazi kwamba gunia moja la maharagwe halitanunuliwa. Mmoja alinong'ona kuwa gunia lile lilikuwa haki ya waliofurikiwa. Mwenzake akamjibu kuwa halikuwa haki yao hata siku moja; lilikuwa la mwenye nyumba.

Kisha tukamuuliza yule mama kama anataka mumewe asisafiri. Akasema, "Sijakataa aende, Sheikh. Nimekataa kubaki peke yangu na mwenye nyumba mlangoni." Kodi ikalipwa kabla ya Alasiri, na unga wa siku za safari ukanunuliwa. Jina la kijana likabaki katika orodha, safari hii kwa ridhaa ya mkewe.

Wasomaji wetu wanakumbuka usiku wa Hijra. Mtume alikuwa akiondoka Makka akiwa anawindwa, lakini alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili awarudishie watu amana zao, wakiwamo waliokuwa wakimpinga. Basi safari tukufu kuliko zote ilitanguliwa na kulipa haki za watu. Aendaye kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hapewi ruhusa ya kuacha mlango wake ukigongwa na wadai.

Jua lilipokaribia milima, turubai lilifungwa. Majirani wetu walinawa mikono, wakatutakia safari njema na kwenda majumbani kwao. Wasafiri wakamchagua kiongozi wao kama ilivyo sunna, na orodha ya mzigo ikasomwa mbele ya mashahidi.

Baada ya Magharibi yule mama alirudi. Alikuwa na gorogoro moja ya wimbi, lile kopo la kilo mbili linalotumika kupimia nafaka masokoni. Akasema, "Hii ni yangu. Nimeinunua kwa pesa za kusuka nywele." Turubai likafunguliwa tena kwa ajili ya gorogoro moja, na hakuna aliyelalamika.

Enyi wazazi, Ramadhani inapokaribia na misafara ya heri inapoanza kupangwa, mume na amwulize mkewe kabla ya kujiandikisha, naye mke aulize bila ya kuogopa kuitwa bahili. Na sisi tunaosimama juu ya mimbari tutaje fadhila pamoja na mipaka yake, kwani maneno yetu huingia katika nyumba tusizozijua kodi zake.

Mwenyezi Mungu azikubali sadaka za waliotoa kwa halali, awainue waliofikwa na mafuriko, na atusamehe tuliyoyasema tukaacha nusu yake. Amin.