Mabati ya simenti ya zamani: tusiyakate, tusiyavunje



Mbele ya mvua kuanza, wengi wetu tunatengeneza paa. Mutu akisikia kuko mabati ya bure kwenye depo ya zamani ao kwenye nyumba za plantasio za wakati wa Wabelgiji, anakimbia kuyabeba. Lakini tuangalie kwanza ni mabati gani. Kama ni ya simenti, mazito, ya rangi ya majivu, yale watu wengi wanayaita Eternit, yanaweza kuwa na amianti ndani.

Amianti ni jiwe lenye nyuzi. Viwanda vililichanganya na simenti ili bati liwe na nguvu na lisishike moto. Bati likiwa zima juu ya paa, hatari ni ndogo. Hatari inaanza pale tunapolikata na msumeno, kulitoboa, kulisugua na brosi ao kulivunja. Nyuzi ndogo sana, hazionekani kwa macho, zinaruka pamoja na vumbi. Tukizivuta zinabaki ndani ya mapafu, na zinaweza kuleta ugonjwa wa kukosa pumzi ao kansa.

Ugonjwa huo unaweza kukawia miaka 20 mpaka 40. Ndiyo maana watu wanasema: «Baba alikata mabati hayo, hakupata kitu.» Mwenye kuvuta sigara ndiye anajiongezea hatari ya kansa ya mapafu.

Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza amianti tangu 2005, Afrika ya Kusini tangu 2008. Jirani zetu wa Rwanda wanaendelea kuondoa mapaa ya namna hiyo.

Sisi tufanye nini?

• Kuko mabati mapya ya simenti yasiyo na amianti, lakini kwa macho hatuwezi kutofautisha. Ya zamani yote, tuyahesabu kuwa nayo.
• Paa likiwa zima, tuliache. Tusipande juu yake.
• Kama ni lazima kuliondoa, tumwangie maji kwanza, tufungue misumari polepole, tushushe bati zima. Watoto wakae mbali.
• Kitambaa kwenye pua hakitoshi.
• Vipande tusivichome, tusivisage, tusivitandike njiani, tusianikie mihogo juu yake. Tuvifunge ndani ya plastiki, tuvizike chini sana, mbali na kisima.
• Nguo za kazi zioshwe peke yake, tusizikung'ute nyumbani.

Komite ya kila koperative iangalie paa la depo yake mbele ya kumuita fundi. Bati la bure linaweza kulipwa na mapafu ya watoto wetu.