Familia ya Kiislamu na chumba cha ufukweni: Tuulize nini kabla ya kulipa arbuni?

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyewatiishia waja wake bahari, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, shule zinapofungwa familia nyingi hufikiria kutoka nje ya mji kwa siku mbili tatu. Hilo si jambo la kulaumiwa. Kuwakusanya wazazi na watoto mahali pamoja ni katika kuunga undugu, na kuutazama uumbaji wa Mwenyezi Mungu ni ibada kwa mwenye kuzingatia. Lakini safari njema huweza kuharibiwa na jambo moja dogo: chumba kilichochaguliwa bila ya kuuliza.

Mwandishi wa makala haya ni shahidi wa hilo. Miaka kadhaa iliyopita tulimchukua mama yetu mzazi, aliyekuwa amepindukia miaka sabini, kutoka Dar es Salaam hadi pwani ya mashariki ya Unguja. Chumba tulikichagua kwa picha. Kilikuwa ghorofani, kinatazama bahari, na kwa hakika kilipendeza. Tulipofika tukakuta ngazi zimesimama wima, bafu lina kuta ndefu za kurukwa, na chini ya dirisha ipo baa iliyopiga muziki hadi usiku wa manane. Magoti ya mama hayakumruhusu kushuka. Siku ya kuondoka akasema kwa upole, “Mwanangu, bahari nimeisikia, sikuigusa.” Hakuna aliyetudanganya. Sisi ndio hatukuuliza.

Stara na ujirani

Katika Suratun Nur Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuinamisha macho na kuhifadhi stara. Basi swali la kwanza lisiwe “bahari inaonekana?” bali “nani ataonekana, na nani atatuona?” Chumba cha mstari wa mbele, ghorofa ya chini, husifiwa kuliko vyote, lakini ufukwe wa Unguja ni njia ya watu. Hupita wavuvi, wakulima wa mwani, wachuuzi na wageni waliovaa mavazi ya kuogelea. Familia yenye mabinti hujikuta imefunga mapazia mchana kutwa, na ile bahari iliyolipiwa haionekani tena.

Mara nyingi chumba cha mstari wa pili, chenye bustani na baraza iliyozungushiwa ua wa makuti au miti, humfaa zaidi Muislamu. Mara nyingi pia bei yake ni nafuu, na Suratul Israa imetuonya dhidi ya ubadhirifu. Tofauti ya bei huweza kutosha kuongeza usiku mmoja.

Ulizeni pia baa ipo wapi, na kama chakula huliwa palepale panaponywewa pombe. Imepokewa na Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W.) amemkataza mwenye kuamini kukaa kwenye meza inayozungushwa ulevi. Hoteli nyingi hukubali kuwapelekea wageni chakula barazani mwao, na huondoa vinywaji vya haramu katika jokofu la chumbani zikiombwa mapema.

Kibla na maji

Katika jambo hili watu wa mwambao wetu wamerahisishiwa. Makka na Unguja zinakaribia kuwa katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini, kwa hiyo kibla cha Unguja ni kaskazini. Mwenye kufikia Paje, Bwejuu au Jambiani, ambako jua huchomoza baharini, asimame bahari ikiwa mkono wake wa kulia, atakuwa ameelekea kibla. Atakayefikia ncha ya Nungwi ataielekea bahari yenyewe. Kilichobaki ni kuuliza kama sakafu ina nafasi ya kutandika mikeka ya watu watano kwa jamaa, kwa kuwa vyumba vingine hujazwa kitanda na makochi hadi mtu mmoja hapati pa kusujudu.

Ulizeni habari ya maji ya kujitwaharishia. Je, msalani lipo bomba la kutawadhia, au ni karatasi tu? Je, bafu ni la kuingia kwa usawa wa sakafu? Baadhi ya visima vya pwani vina maji ya munyu, na hilo lisimtie mtu wasiwasi. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa habari ya bahari alifahamisha kwamba maji yake ni twahara, basi ya kisima yana haki zaidi.

Mwezi na maji ya bahari

Wengi hufika pwani ya mashariki wakakuta bahari imekimbia mbali hadi kwenye mwamba, wakadhani wamepunjwa. Mwenye kuifuata kalenda ya Hijria hawezi kushangazwa. Mwezi unapoandama na unapotimia huwa ni bamvua. Maji hupanda kwa zaidi ya mita tatu, hujaa yapata saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukauka sana yapata saa nne asubuhi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo ifikapo tarehe 7 au 8, na 22 au 23, huwa ni maji mafu: hujaa kwenye saa nne, wala hayajai sana wala hayatoki sana.

Basi anayetaka watoto wake wacheze asubuhi katika maji ya kina aende siku za maji mafu. Anayetaka kutembea juu ya mchanga mkavu na kuona mashamba ya mwani aende siku za bamvua.

Pepo nazo zina hesabu yake. Kusi huvuma kuanzia kiasi cha Aprili hadi Septemba na hupiga moja kwa moja pwani ya mashariki, kwa hiyo chumba cha mbele huwa na upepo mwingi. Kaskazi huja kiasi cha Disemba hadi Machi pamoja na joto, na hapo feni au kiyoyozi, na jenereta ya kutegemewa, si anasa kwa mzee na mtoto mchanga. Jenereta hiyo isiwe nyuma ya ukuta wenu.

Wazee na watoto

Mwenye mzazi mkongwe achukue chumba cha chini, na aulize idadi ya vidato kutoka kitandani hadi mchangani. Mwenye watoto wadogo, akipewa chumba cha juu, aulize kimo cha ukuta wa roshani. Abu Daud amepokea onyo la Mtume (S.A.W.) juu ya mtu kulala kwenye dari lisilokuwa na kizuizi. Na wenye vijana wa kike na wa kiume waombe vyumba viwili vyenye mlango wa ndani wa kuviunganisha.

Swala ya msafiri

Kwa madhehebu ya Imam Shafi, wanayoyafuata wengi wa mwambao, umbali wa kupunguza swala ni wa zaidi kidogo ya kilomita 80. Mkazi wa Mjini Unguja anayekwenda Paje, kiasi cha kilomita 50, hatimizi umbali huo. Anayetoka Dar es Salaam huutimiza. Hata hivyo, atakayenuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, huswali kamili tangu afikapo. Mwenye shaka amuulize shekhe wake kabla ya kupanda boti. Na ikiwa safari itaikuta Ijumaa, ulizeni msikiti wa kijiji uko umbali gani.

Ndugu msomaji, mwaka uliofuata tulirudi pwani ile ile, kwa wenyeji wengine, baada ya kuuliza yote hayo kwa simu. Tulipewa chumba cha bustani, mstari wa pili, bila ya ngazi. Tulichagua siku za mwandamo. Saa kumi jioni bahari ikamfuata mama hadi karibu na ua. Akaketi kwenye kigoda, akatawadha kwa maji yake, kisha akaswali Alasiri akiwa amekaa, bahari ikiwa kuliani kwake. Hiyo ndiyo safari yake ya mwisho nasi. Mwenyezi Mungu amrehemu, yeye na wazazi wetu wote.

Wenye wazazi walio hai wasichelewe, na wasione haya kuuliza.

Wabillahi tawfiq.