Masaki ipi? Kwa nini programu za akili mnemba zinahitaji maelezo yaliyo wazi

Kuna Masaki mbili. Moja ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani. Nyingine ipo Dar es Salaam, kwenye rasi ya Msasani, kwenye mahoteli na balozi. Mtu wa Kisarawe akimtajia jirani yake Masaki, haulizwi ni ipi. Programu ya simu haina ujirani huo.

Tunaandika habari hii kwa sababu programu zinazotumia akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, sasa zimeanza kutenda kazi, si kujibu maswali tu. Zinaitwa mawakala. Hatuzungumzii wakala wa kuweka na kutoa pesa pale kituo cha basi. Huyu ni programu unayoiambia kwa maneno ya kawaida, "niangalizie mvua ya wiki hii shambani," nayo inatumia programu nyingine, ya ramani au ya hali ya hewa, kisha inakuletea jibu. Novemba 2024 kampuni ya Marekani iitwayo Anthropic ilitoa utaratibu wa wazi wa kuziunganisha, unaoitwa Model Context Protocol, na kampuni nyingine kubwa zikaufuata.

Wakala anajuaje programu ipi inafanya nini? Anasoma. Kila programu anayopewa huja na maelezo mafupi: jina lake, kazi yake, inataka kuambiwa nini na itarudisha nini. Binadamu akikuta maelezo mabovu atampigia simu aliyeitengeneza au atamuuliza mwenzake. Wakala mara nyingi hujaza pengo kwa kukisia, na hukisia kwa lugha iliyonyooka kiasi kwamba wewe hushtuki.

Chukua saa. Umemwambia aagize gari la mihogo lifike Maneromango saa 2 asubuhi. Maelezo ya programu yanasema tu "andika saa". Anaweza kuandika 2:00, ambayo kwa programu nyingi ni saa nane ya usiku. Mstari mmoja ungezuia hilo: "Tumia saa 24; mtumiaji akisema saa 2 asubuhi kwa Kiswahili, andika 08:00." Aliyeandika maelezo hayo pengine hajui kwamba sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri.

Au gunia. Programu ya bei inauliza "kiasi", bila kusema kilo au magunia, na sote tunajua gunia la lumbesa si gunia la kilo 100, hata kama lumbesa imepigwa marufuku. Kibaha nayo ina halmashauri mbili. Programu isiyosema inataka ipi itamletea mtu wa Mlandizi taarifa za Maili Moja.

Kuna kosa lingine ambalo ni gumu kuliona: programu kutosema jibu lake lina maana gani. Ipo programu ya Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti ya IITA. Inatazama majani ya muhogo kwa kamera ya simu na kutambua magonjwa kama batobato na michirizi ya kahawia. Tuseme wakala anatumia programu ya namna hiyo, nayo inarudisha "hakuna dalili". Wakala anakuambia muhogo wako ni mzima, unakata mbegu na kumgawia jirani. Lakini michirizi ya kahawia inaweza kuozesha mizizi huku majani yakionyesha dalili kidogo sana. Maelezo yalipaswa kusema: "Jibu hili linahusu jani lililopigwa picha tu. Usiseme shamba ni salama."

Kinachotutia hofu zaidi ni malipo. Mtandao unakatika katikati ya kutuma pesa, na wakala hapati jibu. Je, pesa imeondoka? Kama maelezo yako kimya, anaweza kutuma tena, na ada ya shule ya mtoto ikawa imelipwa mara mbili. Maelezo mazuri yangesema: "Usipopata jibu, usirudie. Angalia kwanza muamala kwa namba yake ya kumbukumbu." Hata hivyo maneno si kufuli. Programu yenyewe inapaswa kukataa muamala wenye namba iliyokwisha kutumika, na isitume chochote kabla mwenye simu hajaona jina la mpokeaji na kiasi.

Vijana wanaotengeneza programu hizi, na viongozi wa vyama vya ushirika wanaoletewa, wana jaribio rahisi. Mpe maelezo mtu ambaye hajawahi kuiona programu, ayasome peke yake bila kukuuliza, kisha akuambie atajaza nini na lini hatakiwi kuitumia. Pale anapokwama, wakala atakisia.

Wewe msikilizaji, kabla ya kukubali chochote, mwambie wakala akurudishie alichoelewa: mahali pamoja na kata, wilaya na mkoa, saa ya mchana au ya usiku, kilo ngapi, jina la mpokeaji. Namba ya siri usimpe kabisa, hata akiiomba kwa upole.