Utumbo Nao Hula

Wengi wetu huuona utumbo kama njia tu: chakula kinapita, mwili unachukua chake, makapi yanatoka. Kumbe utumbo wenyewe ni mlaji mkubwa, tena hujihudumia kabla ya viungo vingine. Ukuta wake wa ndani, unaozuia bakteria wasiingie kwenye damu, una unene wa seli moja tu, na seli hizo hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Ujenzi wa kasi hiyo hauendeshwi kwa wanga peke yake. Unataka asidi amino, yaani chembechembe zinazopatikana protini ikishameng'enywa. Katika miaka ya 1970, Windmueller na Spaeth wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba utumbo mwembamba hutumia glutamini, mojawapo ya asidi hizo, kwa wingi kupata nishati, na baadaye maabara zikaona kuwa seli zikinyimwa glutamini, maungio kati yake hulegea. Hata hivyo glutamini mwili hujitengenezea. Asidi amino nyingine, threonini, hauwezi kuitengeneza, lazima iliwe, na ute unaofunika ukuta huo umejengwa kwa protini iliyosheheni threonini. Ndiyo maana katika vitoto vya nguruwe zaidi ya nusu ya threonini ya chakula huishia palepale, isifike kwenye misuli.

Hapo ndipo sahani yetu inapohusika. Mahindi yana protini, ila yana uhaba wa asidi amino za laisini na triptofani. Mtoto anaweza kushiba ugali na bado ukuta wa utumbo wake ukakosa malighafi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu watoto wa vijijini kusini mwa Malawi ulikuta waliodumaa wana kiwango kidogo cha asidi amino zote 9 za lazima katika damu kuliko wenzao. Mtu atasema huenda utumbo uliokwisha kuharibika ndio unaoshindwa kufyonza. Ni hoja nzito, na utafiti wa aina ile hauwezi kuikanusha. Lakini hata ikiwa hivyo, mtoto huyo anahitaji protini bora zaidi, si pungufu. Wengine watasema uchafu ndio unaouharibu utumbo, hivyo tuanze na vyoo. Vyoo tujenge, kwa sababu nyingi. Ila majaribio makubwa ya magharibi mwa Kenya (2018) na Zimbabwe (2019) yalionyesha kuwa maji safi, vyoo na kunawa mikono havikuongeza urefu wa watoto, ilhali nyongeza ya lishe iliongeza, japo kidogo.

Kuna pia wauzaji wa unga wa glutamini, wanaoahidi "kuziba utumbo unaovuja". Hao wasiharakishiwe fedha. Mwaka 2013 jaribio la wagonjwa mahututi zaidi ya 1,200 nchini Kanada, Marekani na Ulaya lilikuta waliopewa glutamini nyingi walikufa zaidi, si kidogo. Wale walikuwa na viungo vilivyofeli, hivyo matokeo hayo hayamhusu kila mtu. Yanatosha tu kuvunja dhana kwamba kisichodhuru kikiwa kidogo hakidhuru kikiwa kingi. Utumbo hauhitaji asidi amino moja kwa wingi, unahitaji zote kwa pamoja. Maharage yana laisini na threonini ambazo mahindi hayatoshelezi, na mahindi yana methionini ambayo maharage yamepungukiwa nayo. Basi makande, au githeri kwa Wakenya, yana hesabu nzuri kuliko kopo la unga wa dukani. Na kwa mtoto aliyeanza kula, usimwachie uji mtupu wa mahindi: mtilie dagaa waliosagwa, au mpe yai.