Makabrasha ya Zossen (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha Hans von Dohnanyi mezani kwake, Wizara ya Sheria, Berlin. Akiwa msaidizi wa karibu wa Waziri Franz Gürtner, aliyaona majalada mazito yakipita: mauaji makambini, mateso ya wafungwa, kesi zilizozimwa kwa shinikizo la chama cha Nazi. Yeye akawa ananakili kwa siri. Alikusanya ushahidi kwa ajili ya mahakama ambayo bado haikuwapo, ile ambayo siku moja ingemhukumu Hitler na watu wake.

Vita vilipoanza mwaka 1939, Hans Oster alimwingiza Abwehr, idara ya ujasusi ya jeshi. Mwaka 1942 wakavusha Wayahudi wapatao 14 hadi Uswisi, kwa hati zilizodai kwamba wanakwenda kuipelelezea Ujerumani. Fedha za kuwakimu huko ndizo zilizozua uchunguzi. Tarehe 5 Aprili 1943 Dohnanyi alikamatwa, na siku hiyohiyo shemeji yake, mchungaji Dietrich Bonhoeffer.

Mashtaka yalihusu fedha za kigeni tu, maana makabrasha yake ya ushahidi yalikuwa hayajagunduliwa. Kutoka gerezani Dohnanyi alituma ujumbe: yachomwe moto. Jenerali Ludwig Beck, mwenzao katika kumpinga Hitler, alikataa. Alitaka Wajerumani waje kujua kwamba walikuwapo watu waliompinga Hitler tangu alipokuwa akishinda, si baada ya kuanza kushindwa. Siwezi kumlaumu Beck, lakini kila nikiufikiria uamuzi ule naumia, kwa kuwa Septemba 1944 Gestapo waliyakuta ndani ya sefu huko Zossen, kusini mwa Berlin.

Mke wa Dohnanyi, Christine, alikuwa amempenyezea vijidudu vya dondakoo katika chakula. Dohnanyi alijiambukiza makusudi, ili maradhi yamwepushe na mahojiano. Yalimlemaza kweli. Aprili 1945, katika kambi ya Sachsenhausen, baraza la SS lilimhukumu kifo akiwa amelala kwenye machela, na siku chache baadaye akauawa.

Mwaka 1956 Mahakama Kuu ya Ujerumani Magharibi ilimwondolea mwendesha mashtaka wa siku ile hatia ya mauaji hayo, ikilihesabu baraza lile kuwa mahakama halali. Mjane wa Dohnanyi alikuwa bado hai. Ilipofika 2002, miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Dohnanyi, ndipo rais wa mahakama hiyo aliposimama hadharani na kukiri kwamba hukumu ile ya 1956 ni ya kuonea aibu.