Fuata Chungu Mpaka Sokoni

Habari kwamba sanamu tatu za mbao huko Puri, mji wa pwani katika jimbo la Odisha, India, huandaliwa milo kutwa nzima, hufuatwa na swali lilelile: mbao zitakula nini? Swali hilo si la kubezwa, ila humwacha muulizaji mlangoni. Hekalu la Jagannath limesimama tangu karne ya 12. Jagannath, ambaye waumini humwona kuwa ni mungu Vishnu katika sura ya Krishna, ana uso mweusi, macho ya mviringo makubwa kama visahani na mikono isiyo na viganja. Pembeni wako kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra. Atakaye kuielewa hija ya Puri asiishie kuzikodolea macho sanamu. Afuate chungu.

Wapishi, waliorithi kazi hii kwa wazee wao, hupika kwa kuni katika vyungu vya udongo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kwa maji ya visima viwili vilivyopewa majina ya mito mitakatifu, Ganga na Yamuna. Vitunguu na vitunguu saumu haviingii jikoni humo. Wala viazi, nyanya na pilipili mbichi, mazao yaliyofika India kutoka Amerika wakati desturi za jiko hilo zimeshakomaa. Wali, dengu, maboga, vitamu vya samli na sukari guru, mpaka aina 56, hubebwa mabegani kwa mizegazega, wabebaji wamejifunga vitambaa mdomoni wasije wakakipumulia chakula kabla ya mlaji wake. Jagannath akishaandaliwa, chakula hupitishwa kwa mungu wa kike Bimala, na hapo ndipo kinapopata hadhi ya mahaprasad.

Kisha chungu hushuka sokoni. Ndani ya ua wa hekalu iko Ananda Bazar, yaani Soko la Furaha, ambako mahaprasad huuzwa na kuliwa juu ya jani la mgomba. Katika jamii ambayo kwa karne nyingi mtu wa tabaka la juu alijiona amenajisika kwa kula kilichoguswa na wa chini, desturi ya Puri inamtaka Mbrahmani achote chungu kimoja na asiye wa tabaka lake. Naamini sababu ni hii: unajisi wa chakula ulimfuata mwenye chakula, nani kapika, nani kapakua, nani kabakiza. Kikishapita kwa Jagannath huwa ni mabaki yake yeye, hakina mwenyewe mwingine, na kisicho na mwenyewe hakina tabaka.

Ndiyo maana ibada nzima humfanya mungu awe mhitaji. Kabla ya sikukuu ya magari, sanamu huogeshwa kwa mitungi 108 ya maji, kisha husemwa zimeshikwa na homa. Hufichwa siku zipatazo 15, zikiuguzwa kwa dawa za miti shamba. Mbao zikichakaa huzikwa na mpya huchongwa, kama ilivyofanyika mwaka 1996 na 2015. Mungu anayeona njaa, anayeugua na kuzikwa huhitaji mikono mingi, na mikono hiyo hukutana tena chunguni.

Lipo pingamizi zito kuliko lile la mbao. Usawa gani huo, na lango limefungwa? Mwaka 1938 Gandhi aliumia sana mkewe Kasturba alipoingia hekaluni humo ilhali Wadalit, watu waliowekwa chini ya matabaka yote, walizuiwa, na akalisema jambo hilo hadharani. Mpaka leo asiye Mhindu haingii. Sina la kulitetea lango hilo, na anayelitetea kwa jina la Jagannath anapingana na chungu chake. Lakini hoja yangu ingeanguka tu kama ibada yenyewe ingekubaliana na lango, nayo haikubaliani. Kila mwaka, Juni au Julai, katika sikukuu ile ya magari, miungu hutoka nje kwa magari ya mbao, la Jagannath likiwa na magurudumu 16, waonwe na kila aliye barabarani. Na mfalme wa Puri huyapanda akayafagia kwa ufagio wa mpini wa dhahabu, yeye aliyezoea kufagiliwa.

Na wali hutoka hata siku zisizo za sikukuu. Hukaushwa, ukafungwa, mahujaji wakarudi nao makwao; na mtu anapokata roho, mbali na Puri, pengine asiyewahi kuliona hekalu, huwekewa punje chache mdomoni.